Ndevu na ngozi ya kuumia haraka: mwongozo kwa dada wa trans wa hapa Uganda

Hii nawaandikia dada zangu wa trans, wa Kampala, wa Arua, wa Busia, hata wale wako kwenye makambi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali ambako Kiswahili ndo lugha yetu ya kuelewana, kwa sababu maswali ya ndevu yanarudi kila siku na majibu mengi yanayozunguka yanaharibu watu nyuso. Naanza na jambo moja ambalo ukilishika mengine yatakuwa rahisi: kama ngozi yako inaumia haraka na nywele zako ni za kujikunja, usitafute uso laini kabisa, tafuta uso ambao haujavimba. Ndevu iliyobaki juu ya ngozi kidogo, kiasi cha kuisikia tu ukipapasa, hiyo poda na faundesheni zinaifunika vizuri. Lakini kipele chenye usaha, na ile alama nyeusi kinayoiacha kwa miezi, hapo meikapu inahangaika na watu wanaangalia palepale.

Tuelewe kwanza vipele vinatoka wapi. Ndevu za wengi wetu hazitoki wima, zinakuja zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Sasa ukivuta ngozi kwa vidole halafu ukanyoa kinyume na nywele zinavyolala, wembe unaivuta nywele juu kidogo, unaikata, na kipande kilichobaki kinarudi ndani chini ya uso wa ngozi kikiwa na ncha kali. Kikianza kukua tena kinatoboa pembeni kabla hata hakijaona nje. Kuna nyingine inatoka vizuri, inajikunja, inarudi kuingia ngozini hapo kando. Mwili unaipokea kama mwiba, panavimba, panauma, panajaa usaha. Zile nyembe za kisasa zenye makali matatu au matano zimetengenezwa makusudi kukata chini kabisa, ndo maana tangazo linasema ulaini wa siku nzima, na kwa nywele za kujikunja huo ulaini ndo mwanzo wa shida yote. Kwa hiyo si kwamba ngozi yako ni chafu, na si kwamba hujui kuoga, usikubali mtu akwambie hivyo.

Halafu kuna homoni. Wengi wanategemea wakianza estrojeni na spironolaktoni, ile dawa ya kuzuia homoni za kiume, ndevu zitapotea zenyewe. Hapana dada. Ndevu zilizoshakomaa zikawa nene na nyeusi haziondoki kwa homoni. Zinaweza kupunguza mwendo, zikalainika kiasi, na hata hiyo inachukua mwaka na zaidi, mizizi inabaki. Kinachobadilika mapema ni ngozi: mafuta ya uso yanapungua, uso unakauka, na kunyoa kulekule ulikokuzoea miaka yote kunaanza kuchoma. Ukiona hivyo miezi ya kwanza usidhani dawa zimekukataa, ngozi yako imebadilika tu na inataka kushikwa taratibu zaidi. Na tafadhali sana usiongeze dozi ili kuua ndevu, hasa nyinyi mnaotumia vidonge vya kupanga uzazi vya famasi kwa sababu ndo vinapatikana. Vingi vya vile vina ethinili estradioli, estrojeni ya kutengenezwa, na ukimeza vingi unajiongezea hatari ya damu kuganda kwenye mguu au mapafu, na ndevu zitakuwa palepale.

Kabla hujashika wembe

Kama sasa hivi uso uko na vipele vimevimba, wembe upumzike. Madaktari wa ngozi hupenda mtu aache kunyoa karibu mwezi mzima ili nywele zilizozama zijitoe zenyewe, lakini najua wewe huwezi kutembea na ndevu mwezi mzima, kwa wengine ni maumivu ya moyo na kwa wengine ni usalama wao kabisa. Hapo ndo mashine ndogo ya betri inaokoa. Iweke milimita 1 hivi, usiikandamize kwenye ngozi, pitisha juu juu tu. Mashine inakata nywele ikiwa nje ya ngozi, haiachi ncha chini, na kwa wadada wengi hiyo peke yake inamaliza nusu ya vipele bila dawa yoyote. Kama unaweza kununua kitu kimoja tu mwaka huu nunua hiyo mashine, iwe yako peke yako, na usimwazime mtu hata rafiki wa karibu, kwa sababu makali yanakwaruza damu kidogo bila nyinyi kuona na hepataitisi B inapita njia hiyo kirahisi. Iwe na chaji kila wakati, umeme wetu mnaujua.

Saluni kwa habari ya ndevu mimi siwashauri. Kinyozi ananyoa kinyume ili mteja aone amefanya kazi, halafu anamalizia na spiriti inayochoma mpaka machozi, na ngozi iliyokauka kwa homoni haiwezi hiyo. Tena pale kuna macho na maswali. Fanya nyumbani. Najua wengi tunaishi muzigo wa chumba kimoja, bafu liko nje tunagawana na majirani, kwa hiyo panga vitu vyako chumbani: beseni, kioo kidogo, tochi ya simu, kitambaa safi, maji ya moto kwenye chupa ya chai. Funga mlango, usiwe na haraka. Haraka ndo inakata watu.

Kazi ya kwanza ni kujua nywele zako zinalala upande gani. Acha zikue siku mbili, papasa kwa vidole taratibu kila upande. Upande unaoteleza ndo zinakoelekea, upande unaokwaruza ndo kinyume. Mashavuni kwa kawaida zinashuka, lakini shingoni banange ni vurugu, kuna zinazopanda juu, kuna zinazolala kando, kuna zinazozunguka karibu na koo, na shingo ya kushoto si lazima ifanane na ya kulia. Chora mishale kwenye karatasi uiweke karibu na kioo. Watu wanacheka hili lakini wengi wenye vipele vya shingo shida yao iko hapa, wanashusha wembe shingo nzima kutoka juu kwenda chini wakati nusu ya nywele zinapanda.

Kunyoa kwenyewe

Ukitoka kuoga ndo wakati mzuri, nywele zimelowa na zimelainika. Kama hukuoga, chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, si ya kuunguza, ushike usoni dakika tano. Osha na sabuni laini isiyo na manukato makali. Zile sabuni za dawa na sabuni ya kipande ya kufulia zinakausha, usoni hazifai. Paka jeli ya kunyolea, na kama hauna, kondishena ya nywele inafanya kazi vizuri kabisa, inateleza na ni rahisi kupata. Iache dakika mbili tatu kabla hujaanza, hapo nywele inakunywa maji na wembe hautahitaji nguvu.

Wembe uwe wa makali mamoja, au mawili yasizidi. Uwe mpya au uliotumika mara chache, ukianza kuvuta nywele badala ya kuzikata huo umekufa, tupa. Shika mkono mwepesi, usivute ngozi kwa mkono mwingine, fuata mishale yako, vuta vipande vifupi vya sentimita mbili hivi na suuza wembe kila mara. Pita mara moja. Najua mkono utataka kurudi palepale pa kidevu ukisikia bado pana ukwaruzi, usirudi bila jeli, na usirudi kinyume, na kama ni siku ya kawaida tu ya kwenda sokoni usirudi kabisa. Kama una shughuli kubwa na lazima pawe laini zaidi, paka jeli tena na pita kwa upande, yaani ukikata njia ya nywele, si kuipinga. Juu ya mdomo pia hivyohivyo, hapo ngozi ni nyembamba na jasho linakaa.

Maliza na maji ya baridi, gandamiza kitambaa kikiwa baridi kwa dakika kadhaa. Kausha kwa kugusa gusa, usisugue. Spiriti hapana, aftasheivu yenye alkoholi hapana, limau hapana, na shabu tumia tu pale ulipojikata, si uso mzima, inakausha sana. Halafu losheni isiyo na harufu wakati ngozi bado ina unyevu. Mafuta ya shea ya kutoka kaskazini, Acholi, Lango na West Nile, ni mazuri mno kwa uso uliokauka, chukua kidogo tu uyayeyushe viganjani, yakizidi yanaziba. Kigagi, yaani aloe vera, watu wanakipenda, na jeli yake ya ndani inapoza kweli, ila ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda unawasha, uache utiririke kwanza ndo ukate ile nyama nyeupe, na jaribu kwenye mkono kabla ya uso.

Usiku au asubuhi? Mimi nasimama na usiku kwa mtu mwenye ngozi ya kuumia haraka. Uso unapata masaa ya kutulia kabla ya poda, jua na vumbi la barabara. Asubuhi ukiona kivuli kimerudi, pitisha mashine juu juu. Wenye ndevu za kukimbia sana watalazimika asubuhi, sawa, lakini basi waipe ngozi angalau nusu saa kabla ya meikapu. Na si lazima kila siku. Siku unayobaki ndani acha uso upumue.

Poda na krimu za kuyeyusha nywele

Kuna wadada ngozi zao hazitaki wembe hata ufanyeje, na kwao poda ya kunyolea inaweza kusaidia. Hizi dawa zinavunja vifungo vya protini vya nywele mpaka inakuwa kama uji, na kinachobaki ngozini kina ncha butu badala ya kali, ndo maana vipele vinapungua. Lakini nywele na ngozi ni ndugu, kinachoyeyusha moja kinaweza kuunguza nyingine, na poda zenye bariamu salfaidi ni kali kuliko krimu za kawaida ingawa zinafanya kazi haraka. Jaribu nyuma ya sikio au chini ya taya eneo dogo, subiri siku nzima uone. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo na uweke simu ikulilie, usikisie. Ukisikia moto kabla ya muda, toa, hata kama nywele hazijatoka. Toa kwa kitu butu au kitambaa kilicholowa, suuza na maji ya baridi mengi mara mbili, halafu losheni. Usitumie kwenye kidonda, usitumie siku uliyonyoa na wembe, na usirudie kabla ya siku tatu. Krimu zilizoandikwa za miguu ziachie miguu.

Kibano, waksi na uzi kwa ndevu za kidevu na shingo, hapana. Kung'oa nywele ya kujikunja kunaacha tundu linaloanza kufunga, na nywele mpya ikija inakuta mlango umefungwa. Ukiona nywele moja imejikunja na kichwa chake kinaonekana juu ya ngozi, chukua sindano uliyoifuta na spiriti, iinue tu itoke nje, usiing'oe na usichimbe isiyoonekana. Kuchimba ndo kunaleta makovu, na wenye ukoo wa keloidi mnajua kovu dogo la shingo linavyoweza kukua likawa uvimbe.

Vipele vikishatoka

Kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi, asubuhi na jioni. Famasi ulizia benzoili peroksaidi, anzia nguvu ndogo ya asilimia 2.5 au 5, inaua bakteria na inakausha usaha, ila inafifisha rangi ya taulo na foronya kwa hiyo tumia za zamani. Asidi ya salisili inasaidia ngozi iliyokufa kuondoka ili nywele isizame. Adapalini usiku, kiasi cha punje ya haragwe kwa uso mzima, inasaidia vipele na alama kwa pamoja, lakini wiki za kwanza inakausha, kwa hiyo usianze vyote vitatu kwa pamoja ukaja kulalamika uso unabanduka. Anza na kimoja, kila baada ya usiku mmoja, na usiku wa kunyoa uache. Haidrokotizoni ya asilimia 1 kwa siku mbili tatu kama panawaka sana ni sawa, zaidi ya hapo usiendelee mwenyewe.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo panaponiuma. Alama nyeusi zikishaingia watu wanakimbilia mkorogo, zile tyubu za masoko ya Kikuubo na Owino hapo Kampala zinazong'arisha kwa siku nne. Nyingi ndani ni klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali za hospitali, na nyingine zina haidrokwinoni au zebaki ambazo kwenye vipodozi zimekatazwa na viwango vya Afrika Mashariki, na UNBS, shirika la viwango la Uganda, inazikamata madukani. Steroidi kali usoni inafanya ngozi nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha uso unawaka moto hivyo unarudi tena. Na kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: steroidi za kupaka zinaweza kuotesha nywele mahali unapopaka. Dada aliyetaka kupunguza kivuli cha ndevu ananunua kitu cha kumwongezea nywele. Alama za vipele zinafifia zenyewe vipele vikiisha, polepole, kwa miezi, na kinachozifanya zikae ni jua. Hapa tuko juu ya ikweta kabisa, jua la Januari na la Julai ni lilelile, kwa hiyo krimu ya kuzuia jua SPF 30 kwenda juu ni ya kila siku. Ile yenye rangi ya kahawia ndani yake ni bora zaidi kwa ngozi nyeusi, ile rangi inatokana na oksaidi ya chuma ambayo inazuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza alama. Kamba ya helmeti ya boda nayo inasugua kidevu vibaya, tia kitambaa cha pamba katikati, na hiyo inakukinga pia na jasho la abiria aliyekutangulia.

Kufunika kivuli

Kivuli cha ndevu ni nywele iliyo ndani ya ngozi inayoonekana kupitia ngozi, ndo maana hata ukinyoa damu itoke kivuli hakiondoki. Kwenye ngozi zetu kinaonekana kijivu au bluu iliyokoza, na rangi inayokizima ni chungwa, kwa weusi zaidi chungwa iliyoelekea wekundu wa tofali. Losheni kwanza, halafu krimu ya jua, subiri inywe. Rangi ya chungwa weka nyembamba pale tu penye kivuli, juu ya mdomo, kidevu, taya, kwa kugonga gonga na kidole au sponji, usiburuze. Poda kidogo juu yake ishike. Halafu ndo faundesheni, nayo kwa kugonga. Watu wanaweka faundesheni nene bila chungwa, saa sita jasho likianza kwenye taksi kivuli kinachungulia na uso umekuwa wa majivu, wakati tabaka mbili nyembamba zenye rangi sahihi zingekaa mpaka jioni. Lipstiki ya rangi ya tofali inaweza kushika nafasi ya chungwa kama pesa hakuna, ila si kwenye ngozi iliyochubuka. Sponji ifuliwe kila wiki. Usiku toa kila kitu kabla ya kulala hata ukiwa umechoka vipi.

Kama unataka ziondoke kabisa

Njia ziko mbili za kweli, leza na elektrolisisi. Leza inatafuta weusi wa nywele na kuuchoma mpaka kwenye mzizi, na tatizo letu ni kwamba ngozi nayo ni nyeusi, hivyo mashine isiyofaa inachoma ngozi. Swali la kuuliza kliniki kabla ya kutoa hata shilingi: mashine yenu ni ya aina gani na mawimbi yake ni nanomita ngapi? Ya kutafuta ni Nd:YAG ya 1064, hiyo inapita chini zaidi bila kuunguza sana weusi wa juu. Alexandrite ya 755 kwa ngozi nyeusi ni hatari ya malengelenge na madoa. Wakijibu tu kwamba mashine yao inafaa ngozi zote bila kukutajia, ondoka. Omba wajaribu eneo dogo kwanza, urudi baada ya wiki kadhaa uone ngozi imesemaje. Vile vimashine vya mwanga vya nyumbani vya kuagiza mtandaoni vingi havikutengenezwa kwa weusi wetu, vyenye usalama vinakataa kuwaka na visivyo na usalama vinakuunguza.

Wiki nne kabla ya leza using'oe nywele hata moja, kwa sababu leza bila mzizi haina cha kushika, nyoa tu siku moja kabla. Jua na mkorogo mbali kabisa. Mara sita au nane, kila baada ya wiki nne hadi sita, ndo kawaida, na kwa ndevu mara nyingi inazidi hapo kwa sababu kila wakati kuna nywele zilizopumzika kukua ambazo leza haizifikii. Habari njema ni kwamba hata baada ya mara chache nywele zinakuja nyembamba, na vipele vinapungua kabla ndevu hazijaisha, madaktari wanatumia leza hiyohiyo kutibu wanaume wenye vipele vya ndevu. Nywele nyeupe leza haizioni.

Elektrolisisi inaingiza sindano nyembamba kwenye kila tundu na kuua mzizi kwa umeme, moja moja. Ilianza 1875 na daktari wa macho wa Marekani, Charles Michel, aliyekuwa akitibu kope zilizogeukia ndani ya jicho, yaani tangu mwanzo ilikuwa dawa ya nywele inayoingia isikotakiwa. Inafanya kazi kwa rangi yoyote ya ngozi na nywele, lakini ndevu zote zinaweza kuchukua masaa zaidi ya mia kwa muda wa mwaka au miaka, na mwenye keloidi aseme kabla sindano haijaingia. Kama pesa ni kidogo, anza na juu ya mdomo na kidevu, sehemu ambazo watu wanaziona kwanza, mashavu yasubiri.

Kuna pia krimu ya eflonithini, inapunguza mwendo wa nywele bila kuziondoa, unapaka mara mbili kwa siku na ukiacha zinarudi kama mwanzo ndani ya wiki nane hivi. Dawa hiyohiyo kwa njia ya sindano ndo iliyotibu malale kule West Nile, ila hii ya uso kuipata kwenye famasi zetu ni kazi, kwa hiyo usiahirishe mengine ukiingoja.

Kaka zetu walio kwa testosteroni, nanyi ngozi inawageukia upande mwingine, mafuta yanaongezeka na chunusi zinajaa mwaka wa kwanza wakati ndevu ndo zinachungulia. Msinyoe kila siku mkidhani zitaota nene, kunyoa hakuongezi nywele. Mashine ya milimita moja au mbili, mwelekeo wa nywele, benzoili peroksaidi, mengine ni yaleyale.

Kwenda kwa daktari

Nenda kama kipele kimekuwa jipu, kama una homa, kama uvimbe unasambaa, kama kovu linakua, au kama umefanya haya yote miezi miwili bila nafuu. Mulago na Mbarara kuna idara za ngozi, na hospitali za mikoa zinaweza kukuandikia rufaa. Si lazima ueleze maisha yako yote ili utibiwe shingo. "Nikinyoa natoka vipele" ni maelezo kamili na ni ya kweli. Taja dawa zote unazotumia kama unamwamini, hasa akitaka kukupa vidonge, kwa sababu spironolaktoni inapandisha potasiamu na baadhi ya antibiotiki, kama kotrimoksazoli, zinaipandisha pia, hizo mbili pamoja ni hatari kwa moyo. Kama humwamini kusema homoni, sema unatumia spironolaktoni, ni dawa ya presha na moyo pia, ataelewa tahadhari bila maswali zaidi.

Kuhusu sheria ya kupinga ushoga ya 2023, Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa isimame Aprili 2024, lakini kile kifungu kilichomlazimisha mtu kuripoti wengine ilikifuta, kwa hiyo mhudumu wa afya anayekwambia sheria inamlazimu kukupeleka polisi kwa kifungu hicho hasemi kweli. Hata hivyo chagua pa kwenda kwa kuuliza wenzako kuchu, yaani watu wa LGBT, waliotangulia, na nenda na mtu. Piga picha vipele siku vimechachamaa, karibu, shingo na taya tu bila macho, bila sura, maana siku ya miadi vinaweza kuwa vimetulia na daktari asione unachomweleza. Akishaziona, zifute kwenye simu kabla hujatoka getini.